Shanga Nyekundu na Moto wa Haraka

Kisa hiki kimetungwa kwa ajili ya kufundisha. Lakini mambo ya kioo, moto na sumu yaliyomo ni ya kweli, na yanamhusu kila anayeishi kati ya Katesh, Bassotu, Dongobesh na Haydom, ambako shanga bado ni pambo la heshima na wahunzi wa Kidatoga huyeyusha makufuli na mabomba makuukuu wakapata bangili.

Palikuwa na kijana aliyejifunza uhunzi kwa mjomba wake, chini ya mlima Hanang. Siku moja bibi mmoja alimletea sketi ya ngozi iliyochakaa, akaomba shanga nyekundu zilizobaki ziunganishwe ziwe shanga moja kubwa ya mkufu wa mjukuu wake.

Mjomba alizitazama, akatikisa kichwa. "Mwanangu, usitie motoni kitu ambacho hujui kimetengenezwaje."

"Mjomba, kioo ni kioo tu," kijana akajibu.

Mzee alipokwenda kunywesha ng'ombe, kijana alijaza shanga kwenye chungu cha kuyeyushia, akavuta mivukuto kwa nguvu zote. Kioo kilipoyeyuka wekundu ulitoweka. Alipokimimina kikapoa upesi, mkononi akabaki na kipande cha manjano hafifu. Akasema bibi yule aliuziwa shanga bandia. Kwa hasira akakirudisha motoni, safari hii kwa muda mrefu, huku ameinamia moshi ili aone rangi ikigeuka. Kikatoka cha kahawia iliyoiva kama ini, hakipitishi mwanga.

Jioni alikula vizuri, akalala. Usiku wa manane akaamka na homa, kifua kimebana, kikohozi hakimwachi. Kulipopambazuka alikuwa kitandani hospitalini, akivuta hewa ya oksijeni, na shanga za bibi zimeharibika zote.

Kosa lake lilianzia pale alipoamini kwamba rangi ile ilikuwa ya kioo chenyewe. Tangu mwishoni mwa karne ya 19, viwanda vya vioo vya Ulaya vimekuwa vikipata wekundu mkali kwa kuchanganya kadmiamu, salfa na seleniamu. Si kila shanga nyekundu ina mchanganyiko huo, ila zile za bibi zilikuwa nao. Kioo cha namna hii kikipozwa haraka hutoka bila rangi au na umanjano kidogo. Fundi hulazimika kukipasha moto tena kwa kiasi, na hapo ndipo fuwele ndogo mno zinapoota ndani yake. Zikiota sawasawa wekundu hutokea. Zikizidi kukua kioo huwa cha kahawia na hakipitishi mwanga. Zikiyeyushwa kabisa, wekundu huondoka nazo. Kijana alipita njia zote mbili za uharibifu kwa siku moja.

Fuwele hizo ni za semikondakta, yaani dutu inayopitisha umeme kwa kiasi tu. Mwanafizikia Alexei Ekimov, wa Taasisi ya Vavilov mjini Leningrad, alijiuliza inakuwaje dutu ileile moja ipake kioo rangi tofauti. Alitengeneza vioo vyenye kloridi ya shaba, akavipasha moto wa nyuzi 500 hadi 700 za Selsiasi kwa muda wa kuanzia saa 1 hadi saa 96. Miali ya eksirei ilimwonyesha fuwele za kuanzia nanomita 2 hivi hadi 30, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Fuwele zilivyokuwa ndogo, ndivyo mwanga zilioufyonza ulivyosogea upande wa buluu. Dutu haikubadilika, kilichobadilika ni ukubwa. Elektroni iliyobanwa mahali padogo huhitaji nishati kubwa zaidi, jinsi ngoma ndogo inavyolia kwa sauti nyembamba. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1981. Leo chembe hizo zinaitwa nukta za kwanta, na mwaka 2023 Ekimov alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na Louis Brus na Moungi Bawendi.

Kioo nacho kina kazi mbili. Kinazitenganisha chembe zisiungane, na kinaifungia kadmiamu, ambayo ni metali yenye sumu, isitoke. Shanga nzima shingoni haimdhuru mvaaji, kwa sababu sumu imeshikwa imara. Kadmiamu peke yake huchemka kwenye nyuzi 767, na tanuri linaloyeyusha shaba hulipita joto hilo. Mvuke wake ni mtego: anayeuvuta huweza kujisikia mzima kwa saa kadhaa kabla mapafu hayajavimba. Kidogokidogo kwa miaka, huharibu figo na mifupa, na huleta saratani.

Jambo hili halikomei kwenye shanga. Runinga zenye nukta za kwanta zimeingia madukani, na baadhi yake zina kadmiamu iliyofungiwa ndani ya utando wa plastiki. Zikiharibika zitaishia jalalani, na jalalani kuna watoto na kuna moto.

Kwa hiyo, wewe fundi, usiyeyushe wala kusaga kioo chekundu, cha machungwa au cha manjano usichokijua asili yake. Mzazi, usimwachie mtoto anyonye shanga wala achome vipande vya runinga mbovu. Aliyevuta moshi wa namna hiyo aende hospitali hata kama bado anajisikia mzima, na amwambie daktari kilichoyeyushwa ni nini, maana homa yake hufanana na mafua na hupoteza muda wa tiba.

Kujua kitu kina nini ndani ni nusu ya maarifa. Nusu ya pili ni kujua kilichomo kimekaaje na kimeshikwa na nini, na asiyeijua nusu hiyo asiwashe moto.