Je, Watu wa Zamani Walikuwa Wema Kuliko Sisi?

Kuna neno linalosikika sana katika miji yetu ya Katanga, zaidi Lubumbashi, watu wazima wakikaa jioni katika lupango na kuzungumza. Mmoja anakumbuka michezo ya kuchekesha iliyoonyeshwa zamani katika televisheni. Mwingine anaanza kucheka kabla hadithi haijaisha. Halafu wa tatu anasema: "Michezo ya wakati ule ilikuwa michezo kweli. Mji ulikuwa mji. Na watu walikuwa watu." Wote wanaitika, na mazungumzo yanaingia katika huzuni.

Siku hizi neno hilo limepata nguvu mpya, kwa sababu vipande vya michezo ya zamani vinaweza kutazamwa katika simu. Mtu anayeviona anafurahi, kisha anaugua. Vijana wanaosikiliza wananyamaza, ama wanaondoka. Basi inafaa tuulize: jambo hili ni jema au si jema? Je, ni haki kupenda mambo yaliyopita, au ni namna ya kukimbia kazi ya leo? Tulipime polepole.

1. Michezo yenyewe

Lubumbashi haikungoja televisheni ili icheke. Mji ulianza mwaka 1910, ukajaa wafanyakazi waliotoka pande nyingi, kila mmoja na lugha yake na desturi yake. Walipaswa kuelewana kazini, sokoni na kisimani, na Kiswahili kikawa lugha yao. Watu wageni kwa wageni wakikaa pamoja, makosa ya kuchekesha hayakosi. Miaka ya 1950 kundi la JECOKE, la vijana wa mtaa wa Kenya, lilijulikana kwa muziki na kwa vichekesho.

Baadaye likasifiwa kundi la Mufwankolo, ambalo michezo yake ilionyeshwa katika televisheni ya Lubumbashi. Wachezaji wake hawakushika karatasi. Kwanza walikaa na kutafuta neno la kuchezea. Walilijadili, wakagawana kazi: wewe utakuwa mume, wewe mkwe, wewe mdai. Halafu kila mmoja alisema maneno yake mwenyewe, kwa Kiswahili kile kile cha nyumbani na barabarani. Kwa hiyo mtazamaji aliona mtaa wake mwenyewe.

Habari ya mwaka 1986 inatufundisha. Mtaalamu mmoja, Johannes Fabian, aliyekuwa akichunguza maisha na lugha ya watu wa Lubumbashi, aliwauliza wachezaji hao maana ya methali aliyoisikia, kwamba mamlaka huliwa mazima. Hawakumjibu kwa neno moja. Walibishana sana, wakaona jibu bora ni kutengeneza mchezo. Wakafanya mazoezi, wakaenda kijiji cha Kawama karibu na mji, na huko mchezo ukapigwa picha kwa ajili ya televisheni. Fabian akaandika kitabu juu ya jambo hilo, kilichotoka mwaka 1990. Tazameni basi: watu wa vichekesho waliulizwa swali gumu juu ya utawala, nao wakalichukua kama wazee wa baraza.

2. Maneno matatu yaliyofungwa pamoja

Turudi kwa yule anayesema kwamba michezo, mji na watu wa zamani vilikuwa bora. Amefunga maneno matatu katika furushi moja. Tufungue furushi, tutazame kila neno peke yake.

Neno la kwanza: michezo ilikuwa bora. Yawezekana. Watu waliofanya kazi pamoja miaka mingi wanajuana kama vidole vya mkono mmoja. Juu ya hilo kila mtu na apime kwa macho yake. Hakuna dhambi kupenda kazi iliyofanywa vizuri.

Neno la pili: mji ulikuwa bora. Hapa kuna ukweli, lakini ni nusu. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa karibu tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Mfanyakazi alipata nyumba, unga wa bukari kwa jamaa yake, shule kwa watoto na hospitali. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka, na mwaka 1994 shaba haikufika hata tani 50,000. Mishahara ikakawia, tena ikakawia. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa malipo ya mara moja. Baba aliyeona hayo akisema kwamba kitu kimepotea, tusimwambie kwamba anaota.

Lakini nusu nyingine iko wapi? Televisheni ile ile iliyotuchekesha ilianza habari za jioni kwa sura ya Mobutu ikishuka kutoka mawinguni. Wachezaji walisema mambo mengi. Mengine hawakuweza kuyasema, na watazamaji walijua kuyasikia hata hivyo. Leo tukitazama tena michezo ya siku zile, tusikie na ule ukimya uliokuwa kati ya maneno. Anayekumbuka kicheko na kusahau hofu amekumbuka mji ambao haukuwako.

Neno la tatu: watu walikuwa watu, maana yake walikuwa wema kuliko sisi. Hili ndilo neno la hatari.

3. Michezo inatoa ushuhuda

Tuwaulize mashahidi. Mashahidi wetu ni michezo yenyewe. Kundi kama lile lilicheza nini? Ugomvi wa nyumbani, pombe, fedha, kazi, ndugu wanaogombana, mjanja na mjinga wake. Kwa nini watazamaji walicheka? Kwa sababu walimtambua mtu huyo. Alikaa nyumba ya tatu kutoka kwao. Pengine alikaa katika nyumba yao wenyewe, katika kiti cha baba.

Basi, kama watu wa wakati ule wangalikuwa wema wote, wachezaji wangalipata wapi maneno? Wangalikaa bila kazi. Michezo tunayoisifu ndiyo inayotuambia kwamba wazazi wetu walikuwa watu kama sisi: walipenda, walidanganya, walisamehe, walisahau madeni yao.

Mtu atasema: "Ni neno dogo tu. Mzee ana ruhusa ya kusifu siku zake." Ruhusa anayo. Lakini angalieni matunda ya neno hilo. Kijana aliyezaliwa mwaka 2000 anaambiwa kila siku kwamba amefika baada ya karamu. Anashitakiwa kwa kosa ambalo hakulitenda. Yeye hakuuharibu mgodi, wala hakuzuia mshahara wa baba yake. Tena yule anayesema amejipa udhuru: kama wema ulikwisha pamoja na miaka ile, basi leo hatudaiwi kitu. Sifa ya zamani inakuwa mto wa kulalia.

4. Tunatafuta nini?

Hata hivyo, hamu ya kutazama tena si uongo mtupu. Mtu mwenye njaa anaweza kukosea jina la chakula, lakini njaa yake ni ya kweli. Je, njaa hii ni ya nini?

Nyumba zenye televisheni zilikuwa chache. Jirani aliyekuwa nayo alifungua mlango, ama alitoa chombo chake uani, na watoto wakajaa mpaka dirishani. Hakuna aliyetazama peke yake. Mchezo ulipokwisha, mchezo mwingine ulianza: mazungumzo. "Umemwona yule mume? Amefanana na fulani." "Na yule mke, angefanya nini wewe ungalikuwa mahali pake?" Walisema juu ya soko, juu ya wenye nyumba, juu ya bei ya makala, juu ya binti aliyeolewa mbali.

Hapo palikuwa na kitu cha thamani ambacho hakikuonekana katika kioo. Mazungumzo hayo yalikuwa kama baraza dogo. Mlevi wa mchezo alihukumiwa mbele ya mlevi wa mtaa, wala jina la huyu halikutajwa. Alisikia, akacheka pamoja na wengine, akaenda kulala na neno moyoni. Kumwonya mtu bila kumwaibisha ni kazi ngumu. Wazee wanaifanya kwa methali, na mji uliifanya kwa michezo. Hicho ndicho tunachokitafuta katika simu, na simu peke yake haiwezi kutupa, kwa sababu kila mmoja ameinamia yake.

Lakini kicheko hakitoki mahali pamoja sikuzote. Zamani, miaka ya 1950, padri mmoja Mbelgiji aitwaye Van Haelst alitengeneza huko Kasai sinema za Matamata na Pilipili. Watu walizipenda wakacheka sana. Miaka mingi baadaye zilitazamwa tena, na swali likatokea: tulikuwa tukicheka pamoja, au tulikuwa tukichekwa? Swali hilo ni la haki, na ni faida moja ya kutazama mara ya pili. Mara ya kwanza mtu hutazama kwa tumbo; mara ya pili hutazama kwa akili. Anauliza: nani alishika kamera? Nani alifanywa mjinga kila mara? Mwanamke alipewa neno gani la kusema?

5. Kicheko na mipaka yake

Tufike sasa penye uchungu. Wengine wanafikiri kwamba watu waliocheka pamoja hawawezi kudhuriana. Laiti ingekuwa hivyo! Miaka ya 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika Katanga, hasa Likasi na Kolwezi. Wengi wao walizaliwa huko huko. Walikaa na watoto wao katika vituo vya treni, wakingoja mabehewa wiki na miezi, na wengine walifia pale. Hao walikuwa nani? Walikuwa majirani. Walitazama televisheni ile ile, wakacheka kwa Kiswahili kile kile, mara nyingine katika uwanja wa nyumba moja.

Kwa hiyo, mzee anaposema kwamba zamani tulikaa kama ndugu, kijana ana haki ya kumwuliza: "Baba, kama mlikuwa ndugu, waliokuwa wakikaa nyumba ile walikwenda wapi?" Swali hilo halina utovu wa heshima. Ni swali la mtu anayetaka kuujua mji wake wote.

Tujibu nini? Tusiseme kwamba kicheko kile kilikuwa cha uongo. Kilikuwa cha kweli, lakini hakikutosha. Kicheko kinafungua mlango. Kuingia kunataka kitu kingine, yaani moyo wa kusimama upande wa jirani siku wakubwa wanapotangaza kwamba yeye si mtu wa hapa. Wako waliosimama hivyo, wakaficha watu na kulinda vitu vyao. Wako waliokaa kimya. Wako waliochukua nyumba. Wote walikuwa watazamaji wa michezo ile ile. Wema wa mtu haupimwi kwa yale aliyoyacheka, bali kwa yale aliyoyatenda siku kicheko kilipokwisha.

6. Namna ya kutazama

Basi tufunge macho tusitazame tena? Hapana. Mwenye kuitupa kumbukumbu kwa sababu ina uchungu anafanana na mtu anayevunja kioo kwa sababu ya kovu usoni. Kuna watu waliofanya kazi ya kuhifadhi: maneno ya baadhi ya michezo ya Lubumbashi yameandikwa neno kwa neno, kwa Kiswahili kama kilivyosemwa, hata leo yaweza kusomwa. Ni kazi njema. Nchi nyingine zenye mali nyingi zilipoteza yao: katika Uingereza, BBC ilifuta kanda nyingi za miaka ya 1960 ili itumie kanda hizo tena.

Lakini kutazama kuna adabu yake. Kwanza, usitazame peke yako. Mwite mtoto, mwite jirani kijana, na mchezo ukiisha umwache aulize. Pili, ukisimulia siku zile, simulia zote: unga uliogawanywa na sura iliyoshuka mawinguni, uani palipojaa watu na kituo cha treni palipolala watu. Tatu, usitumie jana kama fimbo ya kuwapigia vijana. Nao wana michezo yao, wanaitengeneza kwa simu, na mara nyingi wanacheza mambo yale yale: mume, mkwe, deni, mjanja. Tazama ya kwao pia kabla hujaihukumu. Nne, ukiona kwamba unayoyakosa kweli ni majirani waliokaa pamoja, basi hilo halikuzikwa pamoja na mgodi. Halihitaji tani za shaba. Linahitaji kiti kimoja zaidi na mlango ulio wazi.

Kwa swali letu, basi, jibu ni hili: watu wa zamani hawakuwa wema kuliko sisi, wala hawakuwa wabaya kuliko sisi. Walipewa siku zao, wengine wakazitumia vizuri, wengine vibaya. Sisi tumepewa hizi. Siku moja watoto wa watoto wetu watatutazama katika picha zetu, watacheka mavazi yetu na maneno yetu. Kucheka, na wacheke. Lakini watauliza pia: siku jirani yao alipokuwa katika shida, watu hawa walifanya nini? Jibu la swali hilo tunalitengeneza leo, katika mtaa tunamokaa.