Shimo Halina Uso

Mwezi Aprili 2023, Jim Spire Ssentongo, mchora katuni na mhadhiri wa chuo kikuu, aliwaomba wakazi wa Kampala wapige picha mashimo ya barabara zao na kuziweka Twitter. Akayaita maonyesho. Watu wakaitika, wengi kwa mzaha, na haikuchukua muda Rais Museveni akaagiza Wizara ya Fedha iipatie KCCA shilingi bilioni 6 za kuziba mashimo. Hapo sina ugomvi. Barabara ni yetu sote, na shimo halina uso.

Mwaka huohuo yakaja maonyesho ya hospitali. Mgonjwa aliyelala sakafuni ana uso. Anayempiga picha ana simu na nia njema. Yeye hana nguvu ya kukataa, na huenda hajui kwamba ataonekana na maelfu ya watu. Je, kunyimwa kwake kitanda na serikali kunanipa mimi haki ya kumwonyesha?

Wenzangu hujibu kwamba pasipo uso hakuna anayeguswa. Kuna ukweli hapo, lakini ndio unaonitia shaka: tukimtumia mtu ili wengine waguswe, tumemfanya chombo, hata kama kazi ni njema. Rafu tupu ya dawa inasema mengi. Foleni iliyopigwa picha kutoka nyuma pia. Mgonjwa akitaka kusema mwenyewe, na aseme. Ushahidi huo ni wake.

Mwaka 2024 ikawa zamu ya Bunge, na posho za wakubwa zikaanikwa. Nikiambiwa kwamba nao wana faragha, sikubali kwamba ina uzito uleule. Fedha ni za umma, cheo walikiomba wenyewe, na wakichafuliwa jina wana mawakili. Mgonjwa wa sakafuni hana hata shuka. Hata hivyo, marekebisho ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2022 yalikataza kusambaza habari za mtu mwingine bila idhini, pasipo kumtenga mgonjwa na waziri. (Nadhani waziri ndiye aliyefikiriwa zaidi.)

Linalonisumbua bado ni mgonjwa aliyezimia, ambaye ndugu zake, wakiwa wamekata tamaa, ndio wanaosihi apigwe picha. Idhini hiyo ni ya nani? Ningekuwa na simu mkononi, nadhani ningeipiga, kisha ningefunika uso wake.