Jawabu kwa Ndugu Zetu Walioko Kagio

 

Imetufikia barua ya ndugu zetu wa pwani wanaokaa Kagio, mji ule wa soko ulioko baina ya Sagana na Kutus, ambako wamekwenda kwa biashara ya mchele wa Mwea. Wameazimia, katika likizo ijayo, kuchukua mashua ya mashini waende ziwa la Masinga kuvua samaki, na walale huko siku tatu chini ya mahema, wao na vijana wao. Safari yenyewe haina lawama. Kuitazama ardhi ya Mola na maji yake ni jambo lenye kuzidisha imani, na windo la majini tumehalalishiwa kwa nassi ya Kurani.

Lakini barua ina maneno mawili yaliyotutia khofu. La kwanza, kwamba hapana haja ya kutafuta mwenyeji wa kuwaongoza, kwani watu wa huko ni watu wa milima, ambao wazee wao hawakuwa wakila samaki, hali wana wa pwani wamezaliwa majini. La pili, kwamba mmoja wao alipotaja jaketi za kuokoa maisha alijibiwa: ajali haina kinga, na aliyeandikiwa kufa atakufa ijapokuwa amevaa chuma.

Tuanze na hili la pili, kwani ndilo linalovaa kanzu ya dini. Ajali, katika asili ya neno, ni muda aliowekewa mja wa kuishi, na muda huo kweli hauna kinga. Lakini ufa wa mashua una kalafati, na uzito wa shehena una kipimo, na hayo tumepewa sisi mikononi mwetu. Yule bwana aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kama amwache ngamia wake bila ya kamba kwa kumtegemea Mungu, aliamrishwa amfunge kwanza kisha ategemee. Basi anayekataa kuvaa jaketi kwa hoja ya kadari, mbona hufunga duka lake usiku kwa makufuli mawili? Hatuoni katika maneno hayo ila uvivu uliotafuta aya ya kujifichia.

Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko kilipinduka Mtongwe, kikiwa kimejaa watu kupita kiasi, wakafa watu 272. Katika Mombasa ni nyumba chache ambazo hazikumjua hata mmoja wao. Tulisikia wakati ule, na mpaka leo tunasikia, watu wakisema: ndivyo ilivyoandikwa. Ndivyo, na hapana Muislamu anayekana. Lakini mwenye kupakia watu kupita kiasi naye ameandikiwa dhambi yake, wala kadari haitamtetea mbele ya Mola wake, kama isivyomtetea mwizi. Mmoja katika nyinyi ndiye atakayewapakia wenziwe na watoto wa wenziwe katika mashua hiyo. Na ajue kwamba amebeba amana.

Sasa turudi kwenye neno la kwanza, la kudharau wenyeji. Mtume alipohama Makka pamoja na Abubakar, roho zao zikiwindwa kwa zawadi ya ngamia, walimwajiri Abdallah bin Uraykit awaongoze njia. Mtu huyu hakuwa Muislamu. Alikuwa katika dini ya hao hao Makureshi. Walimkabidhi ngamia wao wawili, wakaagana naye kwenye pango la Thaur baada ya siku tatu, naye akaja, akawapitisha njia ya kando ya bahari. Walimwendea kwa kuwa alikuwa stadi wa njia, na alikuwa mwaminifu. Ikiwa mbora wa viumbe hakuona haya kufuata nyuma ya mwenye kuijua njia, sisi ni nani hata tuone haya kwa mvuvi wa Masinga? Na katika habari za pwani yetu, Vasco da Gama pamoja na mizinga yake hakuthubutu kuivuka bahari mwaka 1498 mpaka alipopata rubani Malindi. Tunapenda sana kulisimulia jambo hilo kwa fakhari, kisha tukifika bara twasahau maana yake.

Na khatari si ya maneno tu. Maji ya bara si maji yetu. Huku kwetu maji hujaa na kupwa, na kila siku mwamba hutoka ukajionyesha, hata mtoto akajua kipwa fulani kiko wapi. Kisha maji yetu ni safi: rubani husimama omo akautambua mwamba kwa rangi ya maji kabla ya kuufikia. Masinga hapana hayo. Ziwa lile limetengenezwa kwa kuuziba Mto Tana, na boma lake lilimalizika mwaka 1981. Chini yake mna vilima, mawe na visiki vya nchi iliyokuwa kavu. Maji yake ni mekundu kwa udongo unaoletwa na mito, hata mkono ukiutia hauonekani. Hayapwi kwa mwezi, bali hupanda kwa mvua na kushuka kwa ukame na kwa kufunguliwa maji ya umeme. Jiwe lililokuwa nje mwezi wa Februari, mwezi wa Mei laweza kuwa shubiri moja chini ya uso wa maji, na mwenye kulijua ni yule aliyelipita juzi. Aidha, maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, na shehena ile ile huizamisha mashua zaidi kidogo. Basi msipakie kwa kipimo cha Kilindini.

Kuhusu fikra ya kuteremka kwa mashua Mto Sagana wenyewe, ambao ndio Tana katika utoto wake, jawabu letu ni fupi: msifanye. Mto ule una maporomoko na majabali, na wanaoushuka kwa mchezo hutumia vyombo vya mpira, kofia ngumu na waongozi waliofunzwa. Mvua ikinyesha mlimani, mto hujaa ghafula hali Kagio kuna jua. Basi jiepusheni na miezi ya Machi hadi Mei, na Oktoba hadi Disemba. Tarehe 28 Aprili 2024, katika mafuriko, mashua ilipinduka juu ya Tana hiyo hiyo upande wa Madogo karibu na Garissa; watu 23 waliokolewa, na wengine hawakuokolewa.

Mtakapopata mwenyeji, mlipeni ujira wake mapema na msikilizeni. Pigeni bildi kila mnapokaribia ufukwe, na mwendo uwe wa polepole, mtu mmoja akikaa omo na upondo. Nanga katika mawe hunasa: ifungeni kamba ya pili upande wa kichwa chake, na boya dogo juu, ili ikinasa muivute kwa nyuma. Asubuhi ndiyo saa ya kuvua. Alasiri upepo huinuka, na usiku asitoke mtu majini kabisa. Ombeni ruhusa ya kuvua kwa idara ya uvuvi, na ruhusa ya kulala kwa mwenye ardhi.

Hema lisipigwe penye njia ya kiboko. Mnyama huyu hutoka usiku kula majani, na hurudi kwa njia yake ile ile. Akimkuta mtu baina yake na maji humuua. Mamba nao wamo. Kwa hiyo asiende mtu kutia udhu kwa kuchutama ukingoni gizani. Tena nchi ya Mwea ina kichocho, na vijidudu vyake huingia kwa ngozi, hata kwa mguu uliotiwa majini kwa dakika chache. Chukueni maji ya kutosha kutoka mjini, au yachoteni yakae chomboni siku mbili. Na yakikosekana, mwenye khofu ya kweli ya madhara ana ruhusa ya kutayamamu, wala asione kwamba sala yake imepungua.

Mmeuliza juu ya kibla na kupunguza sala. Kibla ya huko ni kaskazini, ikielekea mashariki kidogo sana, karibu sawa na ya Mombasa. Wageni watakaotoka pwani ni wasafiri, na ruhusa yao haina shaka maadamu hawakunuia kukaa siku nne kamili. Ama nyinyi mkaao Kagio, pimeni njia kwanza: isipotimia marhala mbili, nazo ni zaidi ya kilomita 80, salini kamili. Kambare, ijapokuwa hana magamba, ni halali bila ya kuchinjwa. Mamba si halali katika madhehebu yetu, hata mtu akimsifu nyama yake.

Chagueni amiri mmoja kabla ya kuondoka, na akisema turudi, rudini. Vijana wasiojua kuogelea wabaki kambini mpaka mashua iwe imeijua njia yake siku nzima. Na hata hao wajuao wasipande bila ya jaketi lililowafaa kwa kimo chao, si la baba zao. Tutashukuru mkituandikia tena kabla ya safari, mtutajie idadi ya watu watakaopanda na idadi ya jaketi mlizonazo.