Amana ya Msomaji: Maadili ya Kuzungumzia Vitabu Tuvipendavyo

Utangulizi

Swali linaloshughulikiwa katika makala haya ni la kimaadili kabla ya kuwa la kinadharia. Msomaji anapowaeleza wenzake ni kitabu kipi kilichomgusa, wenzake hao wana wajibu gani kwake, naye ana wajibu gani kwao? Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umejadili kwa kirefu wajibu wa mwandishi kwa jamii yake. Wajibu wa wasomaji wao kwa wao haujapewa nafasi ya kutosha, kana kwamba kusoma ni tendo la mtu aliyejifungia chumbani peke yake. Tutalijadili swali hili kwa kurejelea mazungumzo yaliyofanyika Wiyoni, mtaa mmoja wa mji wa Lamu. Kwa kuwa kosa linalosimuliwa ni la mwandishi wa makala haya mwenyewe, msomaji ataniwia radhi nikitumia nafsi ya kwanza.

Kisa chenyewe

Miaka michache iliyopita, jioni moja baada ya sala ya alasiri, niliketi na wanawake kadhaa katika ua wa nyumba moja ya Wiyoni. Niliwauliza ni andiko gani lililowajenga. Bibi mmoja mtu mzima alijibu bila kusita: Utendi wa Mwana Kupona. Alikuwa ameuhifadhi tangu utotoni, kutoka kinywani mwa mama yake.

Utendi huo, kama ijulikanavyo, ulitungwa na Mwana Kupona binti Msham mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima, wakati mtunzi alipokuwa mgonjwa. Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi wangu kuusoma kama hati ya utiifu wa mwanamke kwa mume, na hivyo ndivyo nilivyoueleza pale uani. Nilizungumza kwa adabu, lakini nilizungumza kwa muda mrefu. Nilipomaliza, bibi yule aliniambia: “Mwanangu, weye umezisoma ila zake. Mimi nikiusoma hata yeo namsikia mama.” Kisha akainuka kwenda kutia udhu, maana magharibi ilikuwa imekaribia.

Alipokwisha kuondoka, mwanamke wa makamo ambaye muda wote hakuwa amesema neno alinisogelea. Kwa sauti ya chini alisema kwamba kitabu kilichomgusa yeye ni Siku Njema ya Ken Walibora, riwaya iliyotoka mwaka 1996, ambayo aliisoma shuleni. Kilichomgusa ni safari ya Kongowea Mswahili, mtoto aliyefiwa na mama na kuondoka Tanga kumtafuta baba asiyemjua. Akaongeza kuwa utendi ule haukuwahi kumpendeza, ila jambo hilo huwezi kulitamka mbele ya wakubwa.

Wajibu wa msikilizaji

Kisa hiki kina makosa mawili, na si vyema kuliona moja na kuliacha la pili. La kwanza ni langu. Nilikuwa nimeuliza swali la ushahidi, nikajibu kwa hukumu. Mtu anayesema “andiko hili limenijenga” hajatoa hoja juu ya ubora wa andiko. Anatoa habari za maisha yake, na habari hizo ni amana mikononi mwa anayezipokea. Kumjibu kwa orodha ya kasoro za kitabu ni sawa na kumtembelea mfiwa ukaanza kumtajia madeni ya marehemu. Huenda madeni ni ya kweli, lakini hapo si mahali pake.

Ipo hoja nzito zaidi, nayo inahusu ukweli wenyewe wala haiishii kwenye adabu. Kwa kutomsikiliza, niliusoma utendi vibaya. Beti nyingi za sehemu yake ya mwisho si nasaha za ndoa. Ni dua za mgonjwa anayemwomba Mola uponyaji na hifadhi ya wanawe. Ufasiri wangu ulikuwa umezipita beti hizo upesi upesi kwa kuwa hazikunifaa kwa hoja niliyotaka kuijenga. Bibi wa Wiyoni, aliyeupokea kama sauti ya mama anayeaga, alikuwa ameliona jambo ambalo mhadhara wangu wa saa mbili haukulitaja. Mhakiki Wayne Booth alieleza mwaka 1988 kwamba hukumu ya thamani ya kitabu haikamiliki katika akili ya mtu mmoja. Huundwa na kurekebishwa kadiri tunavyolinganisha yaliyotupata sisi na yaliyowapata wasomaji wengine. Nilikuwa nimeifundisha nadharia hiyo pia.

Wajibu wa msemaji

Kosa la pili ni la ua wenyewe. Ni rahisi kwa msomi aliyeaibika kuugeuza mkusanyiko kama ule kuwa pepo ya usomaji wa pamoja, ambako kila sauti inapata haki yake. Hivyo sivyo ilivyokuwa. Mle mlikuwa na msomaji aliyekuwa na kitabu chake moyoni lakini hakuthubutu kukitaja. Andiko linalopendwa na wakubwa, na hasa likiwa na heshima ya dini, huweza kuwafunga wengine vinywa bila ya yeyote kukusudia. Ikiwa msikilizaji anawajibika kuupokea ushahidi kama amana, basi msemaji naye anawajibika kuacha nafasi kwa ushahidi usiofanana na wake. Kupenda kitabu hakumpi mtu haki ya kuwadai wenzake wakipende.

Lamu yenyewe ina mapokeo yanayoweza kutufaa hapa. Muhammad Kijuma, mnakili na mshairi wa Lamu aliyefariki mwaka 1945, aliwanakilia tendi nyingi watu wenye haja tofauti kabisa, wakiwamo wataalamu wa Ulaya kama Alice Werner na Ernst Dammann. Mnakili hakumtaka mpokeaji akubaliane naye. Alimkabidhi andiko likiwa safi, akamwachia usomaji wake. Vilevile, Mahmoud Ahmed Abdulkadir, ajulikanaye kama Ustadh Mau, alipotunga Wasiya wa Mabanati mwaka 1974 na utungo huo ukaenea kwa kanda za kaseti, nasaha kwa mabinti iliendelezwa kwa sauti mpya na kwa hatari za zama mpya. Mapokeo haya yanatuonyesha kwamba utendi wa kale unaweza kuheshimiwa na bado ukapewa mwenzake.

Pingamizi

Huenda ikadaiwa kwamba msimamo huu unaua uhakiki. Ikiwa kila kipendwacho kinaheshimiwa, ni nani atakayesema kwamba andiko fulani linadhuru? Pingamizi hili lina uzito, lakini linachanganya mambo mawili: kumheshimu msomaji na kukikubali kitabu. Ushahidi wa msomaji si hukumu ya kitabu, wala hukumu ya kitabu haiufuti ushahidi huo. Bado ninaamini kwamba zipo beti za utendi ule ambazo zimetumiwa kuwanyamazisha wanawake, na yule mwanamke wa makamo ni shahidi wangu. Lakini sasa ninao mashahidi wawili, na kauli zao hazipatani. Mhakiki mwadilifu hana ruhusa ya kumchagua anayemfaa na kumwacha mwingine. Kazi yake ni kuutafuta usomaji unaoweza kuwabeba wote wawili, na pale anaposhindwa, kukiri kwamba ameshindwa.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba mazungumzo kuhusu vitabu tuvipendavyo yanatawaliwa na wajibu wa pande mbili: kusikiliza kabla ya kuhukumu, na kupenda bila ya kulazimisha. Kwa upande wetu sisi walimu, jambo hili lina gharama. Tangu siku ile nimebadili namna ya kuufundisha utendi huo. Wanafunzi huanza kwa kuusikiliza wote, hadi dua ya mwisho, kabla ya mtu yeyote kuruhusiwa kuutia makosani. Na anayetaka kusema kwamba haumpendezi husema mapema, mbele ya wote, asisubiri wengine waondoke. Ukali wa mijadala haujapungua.

Yule bibi sikuwahi kumwomba radhi. Niliporudi mtaani mara ya pili nilikuta ameshafariki. Mwanamke wa makamo ndiye aliyenipokea, na ndiye aliyenieleza kwamba katika siku zake za mwisho bibi aliomba asomewe utendi ule, naye akamsomea.