Nyumba ya Mama Aliyeachwa



Amri ya nne ya Mungu yaagiza baba na mama waheshimiwe. Haisemi kwamba mama aheshimiwe maadamu mumewe angali naye. Lakini mahali pengi mama akiisha kuachwa, watu hawamwiti tena kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Husema tu: «Yule aliyeachwa.» Neno hilo ni fupi, nalo lajeruhi kuliko jembe.

Angalieni maisha ya mama wa namna hiyo. Jogoo hajawika, naye amekwisha kuamka. Achota maji, awasha moto, awapa watoto uji na kuwatuma shuleni. Kisha aenda hospitalini kufua mashuka ya wagonjwa, maana mshahara huo ndio unaowalisha. Akitoka huko ashika njia ya shamba. Muhogo mchungu nao una kazi nyingi: sharti ulowekwe siku tatu au nne ili sumu itoke, uanikwe, utwangwe, ndipo unga upatikane. Jioni apika bukari na sombe, atazama madaftari ya watoto, ahesabu fedha: hizi za shule, hizi za chumvi na sabuni, hizi za dawa. Penye baba na mama kazi hizo zina mikono minne. Hapa mikono ni miwili tu.

Na nyumba yenyewe yadai haki yake. Mchwa hula nguzo, udongo wa ukuta hupasuka, nyasi za paa huoza. Huko Katanga nyasi za kuezekea hukatwa wakati wa kiangazi, kwa maana mvua huanza mwezi wa Oktoba au Novemba. Ukuta mama aweza kuukandika mwenyewe. Lakini kufunga fito na kupanda juu ya paa, desturi imewapa wanaume. Akimwita jirani mmoja, watu wanong'ona. Asipomwita, mvua yawanyeshea watoto usiku. Hivyo wako wanawake waliokubali kukaa na mwanamume asiye mume wao kwa sababu ya paa tu. Kweli, kukaa hivyo ni kosa. Lakini kijiji kilichokataa kumwezekea mama huyo kina sehemu yake katika kosa hilo.

Kitabu cha Mwanzo, katika sura ya 21, chasimulia habari za Hagari, mjakazi Mmisri. Abrahamu alimtoa nyumbani pamoja na mtoto wake, akampa mkate na kiriba cha maji. Maji yakaisha jangwani. Hagari akamlaza mtoto chini ya kichaka, akaenda kuketi mbali ili asimwone akifa, akalia. Mungu akasikia. Malaika akamwagiza amwinue mtoto na kumshika mkono, na macho yake yakafunguliwa, akaona kisima. Fahamuni vema: Mungu hakumkaripia kwa kuwa amefukuzwa. Alimwonyesha maji.

Je, basi Kanisa lapuuza ndoa? Hata kidogo. Ndoa halali ya Wakristu wawili, wakiisha kuishi kama mume na mke, haivunjwi na mtu yeyote, ila kwa kifo tu. Mume akimfukuza mkewe, kifungo chabaki. Lakini kuachwa si dhambi ya aliyeachwa. Mwaka 1981 Papa Yohane Paulo wa Pili alifundisha kwamba mtu aliyeachwa bila kosa lake, naye hakuingia katika ndoa nyingine, hana kizuizi cha kupokea sakramenti. Mwaka 2016 Papa Fransisko alikumbusha kwamba watu hao watiwe moyo wapate nguvu katika Ekaristi. Basi mtu asimwondoe mama huyo penye meza ya Bwana, ikiwa Bwana mwenyewe amwita.

Huenda miongoni mwa wakatekumeni yuko mwanamke aliyeolewa wakati yeye na mumewe hawajabatizwa, na sasa mume amemwacha. Huyo asijihukumu mwenyewe, wala asisikilize hukumu za kisimani. Aende kwa Padri mapema, kabla ya Ubatizo, amweleze yote. Tangu siku za Mtume Paulo Kanisa lina utaratibu wake kwa ajili ya watu wa namna hiyo.

Na baba aliyeondoka? Hata akikaa mbali, angali baba. Chakula na masomo ya watoto ni deni lake mbele ya Mungu. Sheria ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, nayo yawadai wazazi wote wawili. Mkatekumeni mwanamume mwenye watoto aliowaacha alipe deni hilo kwanza, asije kisimani mwa Ubatizo huku wanawe wana njaa.

Mwaka 1961 maaskofu wa Kongo walichagua jumuiya hai za Kikristu ziwe msingi wa kazi ya Kanisa. Jumuiya hai si kusali pamoja tu. Ichague siku moja ya kiangazi. Vijana walete nyasi, wanaume wapande paani, wanawake wakande udongo na kupika. Watu wengi wakija pamoja mchana kweupe, uchongezi hukosa la kusema. Wala mama huyo asifanywe mwombaji. Siku ya kazi ya jirani yeye naye atakuja na jembe lake.

Azimio la juma hili: Kila mkatekumeni amsalimu mama aliyeachwa kwa jina la mtoto wake. Na kabla ya mvua za kwanza amwulize kiongozi wa jumuiya yake: «Paa la mama huyu litaezekwa siku gani?»