Salama kwa Nani?

Mzee alikuwa na miaka 84, mikono yake ilitetemeka kwa ugonjwa wa Parkinson, na kila asubuhi aliniuliza swali lile lile kabla sijavua koti: "Chai?"

Nilikuwa na dakika 30 za kumwogesha, kumvisha, kumpa dawa na kuandika kwenye simu ya kazi kwamba yote nimeyafanya. Hata hivyo nilijibu ndiyo. Alijikokota hadi jikoni, akawasha birika la umeme, akamimina. Nusu ya maji iliingia kikombeni, nusu ikaishia mezani. Kikombe cha kwanza kilikuwa changu siku zote.

Asubuhi moja maji yalimmwagikia kidoleni. Hakuungua sana, aliweka kidole chini ya bomba, akacheka, akaendelea. Mimi nikaandika ripoti, kwa sababu nimefundishwa kuandika. Kesho yake msimamizi alikuja na fomu ya tathmini ya hatari, na kufikia mwisho wa wiki birika lilikuwa juu ya kabati, mahali asipofika. Tangu siku hiyo chai ikawa ya kwenye chupa, naijaza mimi.

Mzee hakulalamika. Aliacha tu kuniuliza.

Nyumbani ukisema uko Uingereza, watu wanajua unabeba maboksi. Mimi sijawahi kubeba boksi. Kazi yangu ni kuingia majumbani mwa watu wazima wasioweza tena kujihudumia peke yao. Ni kazi yenye sheria nyingi, na sitaki kuzikejeli. Kampuni inayotoa huduma ya kumwogesha, kumvisha au kumlisha mtu nyumbani kwake hapa England lazima isajiliwe na chombo kiitwacho Care Quality Commission. Wakaguzi wake wanauliza maswali matano: je, huduma ni salama? Inafanya kazi? Ina utu? Inasikiliza mahitaji ya mtu? Inaongozwa vizuri? Mhudumu mpya kama nilivyokuwa mimi anapitishwa kwenye Care Certificate, mafunzo yaliyoanza mwaka 2015 yakiwa na viwango 15, kuanzia kunawa mikono hadi kutambua dalili za mtu anayenyanyaswa.

Viwango hivyo vina sababu. Ninayeingia na ufunguo wa mlango wako, nikakukuta uchi na huwezi kusimama, ni mgeni. Hujui moyo wangu. Hakuna serikali inayoweza kuniamuru nikupende, lakini inaweza kuniamuru ninawe mikono, nibishe hodi, nikufunike taulo, na nisikunyanyue kabla ya kufundishwa namna ya kunyanyua. Kiwango ni ahadi ambayo wageni wanapeana kwa sababu hawana undugu wa kuwashikilia.

Lakini ahadi ile ile inaweza kugeuka. Neno "salama" ni zuri mno kiasi kwamba likishatamkwa, anayelipinga anaonekana hana akili au hana huruma. Mtu anaweza kulitumia kumlinda Mzee, na anaweza kulitumia kujilinda na Mzee.

Kuna kesi moja ambayo kila mhudumu angepaswa kuijua. Elaine McDonald alikuwa mcheza bale mkuu wa Scottish Ballet. Mwaka 1999 alipata kiharusi, na baadaye akaanguka na kuvunjika nyonga. Alilazimika kwenda haja ndogo mara kadhaa usiku na hakuweza kufika bila kushikwa mkono. Halmashauri ya Kensington and Chelsea iliona atumie pedi. Mkojo haukuwa unamtoka; alihitaji tu mtu wa kumsaidia kufika. Halmashauri ilisema pedi zingepunguza gharama, na pia kwamba zingekuwa salama zaidi, kwa kuwa asiyeamka haanguki. Mwaka 2011 majaji wanne wa Mahakama ya Juu waliipa halmashauri ushindi; wa tano, Lady Hale, alipinga. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilisema haki yake ilivunjwa, lakini kwa kipindi cha takriban mwaka mmoja tu, ambapo halmashauri ilikuwa haijafuata hata tathmini yake yenyewe.

Sisemi halmashauri haikuwa na hesabu ngumu. Fedha ya umma ina mwisho. Ninachosema ni kwamba mwanamke mwenye akili timamu aliambiwa alale kwenye pedi yenye mkojo, na neno "salama" likawa miongoni mwa maneno yaliyotumika kumwambia.

Niliposoma habari hiyo nilifikiria birika juu ya kabati. Nani alikuwa salama zaidi sasa? Mzee, kidogo. Msimamizi, sana. Mimi, sana pia.

Ingekuwa rahisi kumaliza hapa kwa kusema kwamba kwetu ni tofauti, kwamba sisi tuna upendo na hatuhitaji fomu. Niliwahi kusema hivyo, tena kwa sauti, kwenye sherehe za Watanzania wenzangu. Kisha Bibi yangu akaanguka uani, Tanga.

Bibi alikuwa akipika vitumbua alfajiri, na watoto wa jirani walitumwa kwake na sahani. Alipoanguka, kikao kilifanyika kwenye kundi la familia la WhatsApp. Ilichukua kama dakika 20: Bibi asiguse tena jiko, na atafutwe binti wa kumwangalia. Mimi niliweka kidole gumba. Kundi lile lina watu wengi, ila Bibi hayumo.

Na yule binti? Analala kwenye mkeka chini ya kitanda cha Bibi na kuamka kila anapoitwa. Hakuna aliyemfundisha kumnyanyua mtu mzima bila kuumiza mgongo wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi angalau saa 24 za mapumziko kila wiki. Kwetu hakuna aliyekumbuka, kwa sababu tulishamwita "mtoto wetu", na mtoto wa nyumbani haombi likizo.

Kwa hiyo fomu ilimkosea Mzee kama upendo ulivyomkosea Bibi. Tofauti ni kwamba fomu ilikuwa na mahali pa kuirekebisha. Sheria ya England ya mwaka 2005 kuhusu uwezo wa mtu kujiamulia inasema mtu asihesabiwe hana uwezo kwa sababu tu uamuzi wake si wa busara. Nilimwendea msimamizi na sentensi hiyo. Si mtu mbaya. Alikuwa anaogopa wakaguzi na watoto wa Mzee. Nilimwomba kitu kimoja: turudi tukamuulize mwenyewe.

Tulirudi. Mzee alisema, "Nimekuwa fundi bomba miaka 40. Maji ya moto nayajua kuliko nyinyi wote." Kisha akasema, polepole zaidi, kwamba chai ile ilikuwa kitu pekee alichobaki anampa mtu. Vingine vyote anapewa.

Leo birika limekaa kwenye fremu ndogo ya chuma. Unaliinamisha bila kulinyanyua. Halijazwi zaidi ya nusu, na Mzee anamimina akiwa ameketi. Hatari haikuisha. Imeandikwa, na chini yake kuna sahihi inayotetemeka.

Akiungua kesho, nitajilaumu. Lakini nimeanza kutofautisha hatari ambayo mtu anaibeba mwenyewe na ile anayomtwika mwenzake. Mzee akitaka kumimina chai yake, kidole ni chake. Akinitaka nimnyanyue kwa mikono wakati mashine ya kunyanyulia ipo, nitakataa, kwa sababu mgongo ni wangu. Kiwango kizuri kinawauliza wote wawili. Tanga hatukumuuliza hata mmoja.

Jumamosi iliyopita nilipiga simu.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mume wangu. Umekula?"

Nilimuuliza kuhusu jiko. Alinyamaza kwa muda nikadhani mtandao umekatika. "Leo ndiyo mnaniuliza?" akasema. Kisha akanipa masharti yake kama mtu aliyekuwa ameyaandaa siku nyingi: Ijumaa tu, binti awashe moto, yeye akae kwenye kiti chenye mgongo amimine rojo kwenye chuma. Na Jumapili binti aende kwao. "Ana mama yake yule," alisema. "Siku hiyo shangazi yako aje. Anakaa hapo Ngamiani, si mbali."

Nikaandika yote kwenye kundi. Jibu la kwanza lilikuwa la mjomba: "Akiungua, utapanda ndege wewe?"

Mjomba ana haki ya kuuliza. Atakayemkimbiza Bibi hospitali usiku ni yeye, na mimi nitakuwa huku nikisoma ujumbe. Kwa kipimo nilichokitaja mwenyewe, hatari hii si ya Bibi peke yake. Lakini hata hilo anastahili kuambiwa Bibi usoni, naye ajibu.

Nilimwandikia mjomba: "Shikamoo mjomba. Sitaweza kupanda ndege, ni kweli. Naomba tuliongee swali lako Bibi akiwa kwenye simu, na binti pia."

Alichukua saa mbili kujibu. Tumepanga Alhamisi, baada ya magharibi.