Kabla ya Kwenda kwa Tabibu Kutafuta Mtoto

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa kila kiumbe, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad. Baada ya haya:

Alitujia darasani ndugu mmoja aliyekaa na mkewe miaka minane pasina mtoto. Tabibu amewashauri yai la mke likutanishwe na mbegu ya mume nje ya mwili, kisha lirudishwe tumboni. Mwezi ujao ndiyo mara yao ya kwanza. Akauliza: “Sheikh, jambo hili ni halali? Na nijitayarishe vipi?” Twamjibu hadharani, kwani wenye suali hili ni wengi na wanaoona haya kuliuliza ni wengi zaidi.

Ama uhalali wake: mtoto wa kwanza wa njia hii alizaliwa Uingereza mwaka 1978, na wanavyuoni hawakunyamaza. Sheikh Jad al-Haq wa Misri alitoa fatwa mwaka 1980, na Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ilipokutana Amman mwaka 1986 ilikata shauri. Yafaa kwa haja, pamoja na hadhari, maadamu mbegu ni ya mume, yai ni la mkewe, tumbo ni la mke huyo huyo, na ndoa ingalipo. Akiingia mtu wa tatu, kwa mbegu, kwa yai au kwa tumbo la kukodi, ni haramu, kwa kuwa nasaba hupotea.

Ama matayarisho, tulimuuliza ndugu yetu: “Wewe ulipimwa lini?” Akainamisha kichwa, akasema: “Mwaka wa saba.” Basi miaka sita mkewe aliitwa tasa, akanyweshwa makombe, akafungwa hirizi, akapungwa pepo, na mume hajapimwa hata siku moja! Na matabibu watwambia kwamba ila ya uzazi huwa kwa mume kama iwavyo kwa mke. Ndugu yangu, tayarisho lako la kwanza ni kumtaka radhi mkeo.

La pili ni mwili. Mbegu ya mume huchukua yapata miezi miwili na nusu kukamilika. Basi sigara huachwa mapema, si usiku wa kuamkia tiba. Mke atapigwa sindano kila siku kwa muda wa siku kumi hivi au zaidi, kisha atolewe mayai, kisha angoje yapata wiki mbili ajue matokeo. Usimwache aende peke yake.

La tatu ni maandiko. Msitie sahihi msilolisoma. Ulizeni mayai mangapi yatatungishwa, na vipi yatahifadhiwa yasichanganyike na ya wengine. Majmaa ilisema mwaka 1990 yatungishwe kwa kadiri ya haja ya mara hiyo tu, pasibaki ziada. Wala yasipewe mtu mwengine kabisa.

La nne ni mali. Tiba hii ni ghali, na wengi hawafanikiwi mara ya kwanza. Usiifuate kwa riba, wala usiwaache unaowalisha bila ya chakula.

La tano, nalo ndilo zito, ni moyo. Kujitibu ni amri ya Mtume wetu, wala hakupingani na kutawakali. Nabii Zakariya aliomba naye ni mzee, mkewe ni tasa, akapewa Yahya. Lakini Bibi Aisha, mama wa Waumini, hakuzaa. Na ni nani kati yetu atakayethubutu kusema amepungukiwa? Basi kabla ya sindano ya kwanza, mwambie mkeo kwa ulimi wako kwamba akipata ni mkeo, na asipopata ni mkeo. Na nyinyi mama wakwe, zuieni ndimi zenu.

Mwenyezi Mungu awaruzuku wenye kutaka kizazi chema, na awape subira wenye kungoja. Amin.